Nondo wanaosimama hewani bustanini: uwasubiri mchana au magharibi?

Mvua ikishanyesha, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajatuma video kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: kitu kidogo kimesimama hewani mbele ya ua, mabawa yanakwenda kasi hata hayaonekani, na chini yake swali, "Jamani, huyu ndege gani?" Hakosi wa kujibu kwamba ni kolibri, yule ndege mdogo wa kwenye vipindi vya wanyama. Kolibri wanaishi Amerika peke yake. Afrika hatuna hata mmoja wa porini. Anayeonekana kwenye video hizo mara nyingi ni nondo wa jamii ya Sphingidae, nondo wenye mwili mnene, mabawa membamba na mrija mrefu wa kunyonyea unaokunjwa chini ya kichwa kama hautumiki.

Ukishamjua utataka aje kwako, na hapo ndipo penye kuchagua. Wapo nondo wanaoruka mchana kweupe na wapo wanaotoka jua likizama. Makundi haya mawili hayagombanii maua yaleyale wala saa ileile. Mwenye shamba la ekari moja anaweza kuwapata wote bila kujisumbua. Mwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba, vyungu vichache barazani na nusu saa ya kupumzika kwa siku, ni afadhali aamue anawataka akina nani kabla hajanunua mche.

Kwanza hakikisha ni nondo

Wa mchana ndiye anayechanganya watu. Ndege aitwaye chozi naye ni mdogo, naye anakunywa nekta (maji matamu ya maua), na nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa nao wanavuma na kusimama hewani kidogo. Tofauti zao ni hizi:

| | Nondo wa mchana | Chozi | Nyuki mweusi wa mbao |
|---|---|---|---|
| Kichwani | vipapasio viwili, mrija mwembamba | mdomo mgumu uliopinda | vipapasio vifupi, hana mrija mrefu |
| Anapokula | yuko hewani karibu muda wote | hupenda kushika tawi au shina la ua | hutua juu ya ua, hulilemea |
| Sauti | mvumo mdogo, ukiwa karibu | hulia kwa sauti kali | mvumo mzito, unausikia toka mbali |
| Anakaa kwenye ua moja | sekunde moja au mbili | anaweza kukaa zaidi | anaweza kukaa zaidi |

Ukiona vipapasio, mjadala wa ndege umekwisha. Hakuna ndege mwenye vipapasio.

Wa mchana

Kwa bustani za Pwani na hata za bara, wawili ndio wa kuwaangalia kwanza. Macroglossum trochilus ni mdogo, mabawa yakinyooshwa hayazidi sana sentimita 4, wa kahawia, na mabawa ya nyuma yana rangi ya machungwa ambayo huonekana anapogeuka. Nyuma ana kishungi cha manyoya anachokitanua kama mkia, na ndicho kinachowafanya watu waape kwamba wameona ndege. Ndugu yake wa Ulaya, Macroglossum stellatarum, amepimwa akipiga mabawa mara 70 hadi 80 kwa sekunde. Wa kwetu naye, kwa macho, huoni bawa. Unaona ukungu pembeni mwa mwili.

Wa pili ni Cephonodes hylas, na huyu kwangu ndiye mzuri kupita wote. Mwili wa kijani kibichi, mkanda mwekundu wa damu ya mzee tumboni, kishungi cheusi nyuma, na mabawa yanayopenyesha mwanga. Anapotoka kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, mabawa hayo yana magamba kama ya nondo yeyote, lakini akianza kuruka magamba yanadondoka na kinachobaki ni kioo chenye mishipa. Kiwavi wake anakula majani ya mbuni na ya gardenia, kwa hiyo Kilimanjaro, Kagera au Mbeya, kwenye mibuni karibu na nyumba, una nafasi nzuri ya kumpata bila kupanda kitu kipya.

Wote wawili wanataka maua madogo yenye mrija, yaliyokusanyika pamoja ili asisafiri sana kutoka ua hadi ua. Pentasi ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote. Ni mmea wa Afrika Mashariki wenyewe, unastahimili jua, unakua hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Iksora ni ya pili, na wengi wanayo tayari kwenye ua wa nyumba bila kuijua jina. Lantana nayo inawavuta sana, ila siipandi na sikushauri: ni gugu vamizi, ndege wanasambaza mbegu zake, na mashamba ya jirani hayana kosa.

Saa nzuri ni asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, kisha alasiri jua linapopungua ukali. Saa sita mchana unaweza kumwona, lakini usipoteze muda wa chakula kwa ajili hiyo.

Wa magharibi

Hapa ndipo penye wingi. Jamii yenyewe ina aina zaidi ya 1,400 duniani, na nyingi hutoka giza linapoingia. Pwani ya Tanzania jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na nondo wa kwanza huja wakati bado unaona rangi ya shati la mtu aliye mbele yako. Muda huo ni mfupi. Ukichelewa kutoka utawakuta, lakini utahitaji tochi.

Agrius convolvuli ndiye mkubwa ambaye karibu kila mtu anaweza kumpata. Mabawa yake yakinyooshwa ni sentimita 8 hadi 10, ya kijivu kama gome la mti, na tumbo lina mapingili ya waridi na meusi. Mrija wake ni mrefu kuliko mwili wake wote. Simama kimya kando ya ua jeupe wakati wa magharibi, utamsikia kabla hujamwona: mvumo mzito kidogo, upepo kwenye shavu, halafu yupo. Hasogei karibu na ua. Anasimama mbali nalo kiasi cha urefu wa kidole, anakunjua mrija, anaupenyeza tundu la ua bila kuligusa kwa miguu, na mwili unayumba kushoto na kulia huku ncha ya mrija haitoki mahali pake. Inadhaniwa kuyumba huko kunamsaidia kumkwepa buibui aliyejificha petalini. Ukimmulika macho yake yanarudisha mwanga, mekundu kama kaa la moto.

Mwenzake, Hippotion celerio, ni mwembamba zaidi, ana mistari ya fedha kwenye mabawa, na ni mwepesi wa kuondoka ukijikohoza. Daphnis nerii ni wa kijani cha aina nyingi, kijani cha mwani na cha zeituni, na waridi kidogo katikati. Huyu hupatikana mahali penye oleanda au vinka, kwa kuwa viwavi wake wanakula hizo.

Watu huuliza wanaonaje maua gizani. Mwaka 2002 Almut Kelber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba nondo wa jamii hii anatofautisha rangi hata kwa mwanga wa nyota tu, wakati ambao binadamu anaona kijivu kitupu. Kwa hiyo ua jeupe halimvuti kwa harufu peke yake. Analiona, na analiona kwa rangi.

Basi uchague nani?

Kama una watoto wadogo, au unataka picha ya kuwaonyesha watu, chagua mchana. Simu ya kawaida ikiwekwa kwenye mwendo wa polepole inatosha, mwanga upo, na mtoto wa miaka 5 anaweza kumfuata kwa kidole. Nondo wa mchana pia hurudi. Wa Ulaya wanajulikana kwa kurudia vitanda vilevile vya maua siku baada ya siku, na aliyeona mmoja leo saa tatu kwenye pentasi afanye hima kesho awepo hapohapo.

Ila mchana una udhaifu wake: idadi. Utasubiri sana kwa nondo mmoja, naye atakuwa amepita na kuondoka ukiwa unatafuta simu mfukoni. Kwa mtu asiyependa kusubiri, magharibi ina faida kubwa. Wanakuja kwa muda unaojulikana, wanakuja wakubwa, na kwenye jioni nzuri baada ya mvua za kwanza wanakuja zaidi ya mmoja kwa wakati. Unachokosa ni picha. Simu nyingi zitakupa doa la kijivu, na tochi kali inawafukuza au kuwavuruga. Funga karatasi ya plastiki nyekundu mbele ya tochi; macho yao hayaoni vizuri mwanga mwekundu, wewe utaona vya kutosha, na wao wataendelea kula.

Kuna na suala la mbu. Halitajwi na wanaoandika kuhusu bustani za nchi za baridi, lakini kusimama uani Tanga, Mombasa au Dar wakati wa magharibi bila kujipaka dawa ni kujitafutia malaria. Suruali ndefu, soksi, dawa ya kupaka. Hili peke yake limewafanya baadhi ya rafiki zangu wachague mchana, na siwalaumu.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua magharibi. Sababu yangu kubwa si uzuri wa nondo. Ni mpapai.

Mpapai dume uuache

Mipapai mingi ya kienyeji ina miti dume na miti jike mbalimbali. Jike lina maua makubwa yaliyobana shinani. Dume lina maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Dume halizai, kwa hiyo watu hulikata likishajulikana, wakidhani linakula mbolea bure. Lakini chavua ya jike inatoka kwa dume, na anayeibeba jioni ni nondo huyuhuyu. Dino Martins, mtafiti wa wadudu kutoka Kenya, pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini, walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya mipapai iliyolimwa Kenya. Walikuta nondo wa jamii hii ndio wachavushaji wake, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, vinaathiri uchavushaji. Maana yake kichaka kilichobaki nyuma ya nyumba kina kazi, hata kama kinaonekana ni uchafu.

Kinachochekesha ni kwamba ua jike la mpapai halimpi nondo kitu. Nekta iko kwenye maua ya dume. Nondo anakunywa kwa dume, anapakwa chavua, kisha gizani anakosea njia na kujaribu ua jike linalonukia karibu sawa, hapati kitu, anaondoka. Kosa hilo la sekunde moja ndilo linaloleta papai.

Sasa linganisha na kununua maua. Mpapai dume unaota wenyewe kwenye jalala, hauhitaji kumwagiliwa kwa ratiba, unatoa maua karibu mwaka mzima, na vikonyo vyake viko usawa wa macho au juu kidogo, mahali ambapo nondo anaonekana vizuri dhidi ya anga iliyobaki na mwanga. Sijui ua la dukani linaloshinda hayo. Kasoro yake ni kwamba aliyepanda mbegu za aina zenye maua ya jinsia mbili, kama papai za Solo, hatapata mti dume, na miti hiyo hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Hapo tafuta mche wa kienyeji kwa jirani.

Maua mengine ya jioni

Asumini ni ya kwanza baada ya mpapai: nyeupe, mrija mwembamba, harufu inayozidi usiku. Tatizo lake ni sisi. Vitumba vikichumwa vyote alasiri kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya kujipambia, magharibi hakuna kilichobaki cha kufunguka. Mwachie nondo upande mmoja wa mti.

Petunia nyeupe na mtumbaku wa maua ni nzuri kwa vyungu vya barazani. Za zambarau na nyekundu zinapendeza zaidi kwa macho yetu, ila jioni hazishindani na nyeupe. Mnanaha nao hufunguka jioni na nondo wakubwa wanaupenda, ila kila sehemu yake ni sumu. Penye watoto au mbuzi usiulete.

Franjipani, ule mti wa maua meupe yenye njano katikati unaopandwa sana mahotelini, utakudanganya kama unavyomdanganya nondo. Unanukia usiku kwa nguvu, nondo anakuja, anajaribu ua moja, la pili, la tatu, hakuna nekta, anakwenda zake. Utaona ugeni, lakini ni ugeni wa haraka. Kwa mwangalizi anayetaka nondo atulie mahali pamoja, si mti wa kuutegemea.

Kwa nini mrija wa ua una maana kiasi hiki? Kwa sababu kila nondo anafikia urefu wake. Charles Darwin, mwaka 1862, alipoandika juu ya okidi ya Madagaska yenye mrija wa nekta wa karibu sentimita 30, alisema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kulifikia. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Ndugu yake, Xanthopan morganii, yuko Afrika bara, Afrika Mashariki ikiwemo, akiwa na mrija mfupi kuliko wa Madagaska ila mrefu kuliko wa wengine wengi. Uwanjani kwako kanuni ni rahisi: maua ya mrija mfupi yataleta wadogo, ya mrija mrefu yataleta wakubwa na kuwafungia mlango wadogo. Ukiwa na nafasi ya vyungu viwili tu vya jioni, kimoja kiwe cha aina hii na kingine cha aina ile.

Taa ya nje

Wapo wanaosema njia rahisi ya tatu ni kuwasha taa ya ukutani na kusubiri. Kweli nondo watakuja, na asubuhi utawakuta wamebandika ukutani. Lakini hutawaona wakisimama hewani, na hilo ndilo tulilolitaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu warukao usiku huelekeza mgongo upande wenye mwanga, kawaida upande wa anga. Taa ikiwa pembeni inawapindua, wanaizunguka bila kupenda. Nondo aliyenaswa na taa hali chochote. Kwa hiyo taa ni nzuri kwa kujua ni aina gani ziko mtaani, na mbaya kwa kila kitu kingine. Izime saa ya magharibi kama unasubiri kwenye maua.

Ukimkuta mmoja asubuhi ukutani akitetemesha mabawa bila kuruka, usidhani anakufa. Anapasha moto misuli ya kifua. Bila joto hilo hawezi kuinuka. Mpe dakika chache. Na ukimkuta mnene wa kahawia na njano, mwenye alama kama fuvu mgongoni, anayelia ukimgusa, huyo ni Acherontia atropos. Haumi, hana sumu. Mrija wake ni mfupi na mnene, na badala ya kwenda mauani huingia kwenye mizinga ya nyuki kuiba asali, kwa hiyo kwenye ulinganisho huu hana nafasi.

Kwa walio Ulaya

Uingereza, Ujerumani au Uholanzi uchaguzi unageuka. Nondo wa mchana, Macroglossum stellatarum, anaonekana kwa urahisi majira ya joto kwenye lavenda na valeriani, na jioni za huko ni ndefu mno: mwezi Juni kungoja giza ni kungoja hadi karibu saa nne usiku au zaidi. Chagua mchana bila kusita. Ila kwa ajili ya Agosti hadi Oktoba panda mapema mtumbaku wa maua meupe karibu na mlango, kwa sababu Agrius convolvuli hufika huko akihama kutoka kusini, Afrika ikiwemo. Ni aina ileile anayekunywa kwenye mpapai wa Tanga.

Gharama yake: viwavi

Huwezi kupata nondo bila viwavi, na hapa makundi mawili yanatofautiana sana. Wa mchana hawasumbui. Viwavi vya Cephonodes vinaweza kuutafuna mche mmoja wa gardenia ukabaki vijiti, lakini unachipua tena. Wa magharibi wanakula chakula chako. Viwavi vya Agrius wanaishi kwenye viazi vitamu, wanene kama kidole, wana pembe moja mkiani, na wakiwa wengi wanamaliza matembele kabla hujayachuma. Vya Hippotion vinapenda mizabibu, na Dodoma wanavijua.

Ukilima viazi kwa kuuza, ni haki yako kuvitoa. Vitoe kwa mkono; ni vikubwa, vinaonekana, na havina mwiba wa kuchoma, ile pembe ni ya kutisha tu. Dawa ya kupulizia itaua viwavi na nondo wanaokuja kunywa jioni, na nyuki juu yake. Kwa bustani ya nyumbani, acha tuta moja la pembeni liwe lao.

Na wakati wa kulima, jembe likifukua pupa wa kahawia mwenye kitanzi mbele, kama mkono wa birika, ujue ni Agrius. Kitanzi hicho ndimo mrija wake mrefu unamojengeka. Mrudishe udongoni kina kama kilekile ulichomtoa, pasipomwagiliwa sana, na usilime tena hapo mpaka atoke.